Taka Safi na Kavu: Urejelezaji Unaoanzia Jikoni

Hatima ya kopo, chupa au karatasi huamuliwa nyumbani, katika muda mfupi ule ambao mtu ameshika kitu kilichokwisha kazi na anatafuta pa kukiweka. Akikitumbukiza kwenye pipa moja pamoja na mabaki ya chakula na majivu, huwa ametupa jongoo na mti wake, kwa sababu karatasi iliyolowa mafuta haina mnunuzi, chupa iliyojaa uozo humgharimu mkusanyaji maji na nguvu kupita thamani yake, na hata mabaki ya chakula ambayo yangekuwa mbolea huchanganyika na vipande vya kioo na betri, yakawa hayafai tena kurudishwa ardhini. Akikiweka kando kikiwa safi na kikavu, kitu kilekile ni malighafi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitenganisha taka za nyumbani kwangu, nikazungumza na wakusanyaji, wanunuzi wa vyuma chakavu na watu wanaosaga plastiki, na wote hurudia jambo hilohilo: kiwanda kinaweza kuyeyusha, kusaga na kuchuja, lakini hakiwezi kurudisha kwa gharama nafuu kile ambacho kimeshachafuliwa jikoni.

Nianze na faida, kwa kuwa mtu hatabadili mazoea ya kila siku bila kujua kazi yake inakwenda wapi. Faida iliyo wazi kuliko zote iko kwenye metali, hasa alumini. Alumini haichimbwi ikiwa metali tayari. Huchimbwa mawe na udongo uitwao boksiti, ambao husafishwa kwa kemikali hadi ubaki unga mweupe, kisha unga huo hupitishiwa umeme mwingi mno ili kuitenga metali na oksijeni iliyong'ang'ania nayo. Tani moja ya alumini huhitaji takriban tani nne za boksiti, na tope jekundu linalobaki katika usafishaji huo, lenye magadi makali, hulundikwa kwenye mabwawa yanayopaswa kulindwa miaka na miaka. Kopo lililokwisha kutumika limeshazivuka hatua hizo zote. Linahitaji kuyeyushwa tu, nayo alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi za Selsiasi, ndiyo maana kuirejeleza hutumia karibu asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye boksiti. Kila ninapolibonyeza kopo na kuliweka kwenye gunia lake, huwaza umeme mwingi uliokwisha kulipiwa ndani ya kitu kile chembamba, na jinsi ambavyo ungepotea wote endapo lingezikwa jalalani.

Chuma nacho hufuata mkondo huohuo ingawa kwa kiwango kidogo zaidi: kila tani ya chuma chakavu inayoingia tanuruni huepusha kuchimbwa kwa zaidi ya tani moja ya madini ya chuma na zaidi ya nusu tani ya makaa ya mawe. Kwa matumizi ya nyumbani, sumaku ndogo inatosha kuyatofautisha makopo, kwa kuwa kopo la bati lina chuma ndani yake na hunaswa, ilhali la alumini halinaswi. Kioo huyeyushwa tena na tena bila kupoteza ubora, na vipande vyake huyeyuka kwa joto dogo kuliko mchanga na magadi vinavyotumika kutengeneza kioo kipya, hivyo huipunguzia tanuru mzigo. Karatasi ina mipaka yake. Nyuzi zake hukatika na kufupika kila zinapolowekwa na kusukwa upya, na baada ya kurejelezwa mara tano hadi saba huwa fupi mno kuweza kushikana. Hiyo ndiyo sababu ya kutoipoteza hata mara moja kwa uzembe wa kuiacha inyeshewe.

Plastiki inahitaji maneno ya kweli zaidi, kwa sababu imezungukwa na ahadi nyingi. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imetengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na kwamba katika plastiki yote iliyokwisha kugeuka taka, takriban asilimia 9 tu ndiyo iliyorejelezwa, asilimia 12 ilichomwa, na iliyobaki, yaani asilimia 79, ilirundikwa majalalani au kuzagaa katika mazingira. Kwangu mimi takwimu hizo hazisemi kwamba kurejeleza plastiki ni kutwanga maji kwenye kinu. Zinasema kwamba plastiki nzuri kuliko zote ni ile ambayo haikuingia nyumbani, na kwamba ile iliyoingia inapaswa kutumika mara nyingi iwezekanavyo kabla ya kufikiriwa kuwa taka. Mtu anayejaza gunia la chupa tupu kila wiki na kulipeleka kwa mnunuzi anafanya jambo jema, lakini jirani yake anayebeba chombo chake cha maji amefanya jema zaidi bila gunia lolote.

Kuna alama moja inayowapoteza wengi, nayo ni mishale mitatu inayofuatana katika umbo la pembetatu. Mishale hiyo ilichorwa mwaka 1970 na Gary Anderson, aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani, kwa ajili ya karatasi na maboksi yaliyorejelezwa. Mwaka 1988 watengenezaji wa plastiki nchini humo walianza kuweka nambari kuanzia 1 hadi 7 ndani ya pembetatu ya mishale inayofanana na hiyo ili kutaja aina ya plastiki. Nambari hiyo haiahidi chochote kuhusu kitu hicho kurejelezwa mahali ulipo. Inataja tu jamii yake: 1 ni PET, ya chupa nyingi za maji na vinywaji, 2 ni polithini ngumu, ya madumu na chupa za sabuni, 3 ni PVC, ya mabomba mengi ya maji, 4 ni polithini laini ya mifuko, 5 ni polipropilini, ya vifuniko na vyombo vingi vya chakula, 6 ni polistireni, na 7 ni zote zilizobaki, zikiwemo zile zilizochanganywa tabaka juu ya tabaka. Katika sehemu nyingi za dunia nambari 1, 2 na, kwa kiasi fulani, 5 ndizo zenye soko la uhakika, na nyingine hupokelewa pale tu palipo na kiwanda chenye mashine yake.

Chukua chupa moja ya maji uitazame kwa karibu. Mwili wake ni PET, ambayo ni nzito kuliko maji, lakini kifuniko chake ni cha polithini au polipropilini, ambazo ni nyepesi kuliko maji, na lebo inaweza kuwa ya plastiki nyingine au ya karatasi yenye gundi. Wanaosaga plastiki huitumia tofauti hiyo ya uzito: chupa zikishasagwa, vipande humwagwa kwenye tangi la maji, vile vya kifuniko huelea na kuenguliwa juu, na vya mwili huzama na kukusanywa chini. Jaribio hilo unaweza kulifanya nyumbani kwa mkasi na ndoo ya maji. Tatizo huja pale PVC inapoingia katikati, kwa sababu nayo huzama pamoja na PET kwa uzito unaokaribiana mno, na PET inapoyeyushwa kwa joto lake la juu, PVC hiyo huvunjika kikemikali na kutoa asidi inayoiharibu na kuigeuza rangi kuwa ya manjano. Kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu mzigo mkubwa. Kwa hiyo ninaposema tenganisha plastiki kwa nambari, sisemi hivyo kwa kupenda utaratibu kwa ajili ya utaratibu. Kuna mtu mbele ya tanuri ambaye kazi yake yote inategemea kilichotendeka nyumbani kwako.

Sasa nije kwenye namna ya kufanya, na hapa nina msimamo ambao huenda ukaonekana kuwa kinyume cha ushauri wa kawaida: usianze kwa kununua mapipa ya rangi, anza na mnunuzi. Mapipa manne mazuri yasiyo na pa kwenda hujaa mara moja, kisha yote humwagwa pamoja kwenye gari lilelile la taka, na familia nzima hukata tamaa. Tembea kwanza. Uliza halmashauri au idara inayoshughulikia taka inachokusanya na siku zake, mtafute mnunuzi wa vyuma chakavu aliye karibu, mtafute anayekusanya chupa na maboksi kwa ajili ya viwanda, na zaidi ya wote zungumza na waokota taka wanaopita mtaani, kwa kuwa wao ndio wanaojua leo kiwanda gani kinanunua nini na kipi kimeacha kununua. Waulize mambo machache ya msingi: unapokea aina gani, unaitaka katika hali gani, kifuniko kibaki au kitolewe, lebo ibanduliwe au iachwe, kiasi gani kinakutosha kuja kukichukua. Majibu yao ndiyo yatakayokuambia unahitaji vyombo vingapi nyumbani. Vikiwa viwili, basi viwili vinatosha.

Umuhimu wa kumjua mnunuzi ulionekana dunia nzima mwanzoni mwa mwaka 2018, China ilipoacha kupokea aina nyingi za plastiki na karatasi chakavu kutoka nje na kuweka kwa baadhi ya shehena zilizobaki kiwango cha uchafu kisichozidi nusu ya asilimia moja. Nchi tajiri zilizokuwa zimezoea kusafirisha marobota machafu zikajikuta hazina pa kuyapeleka, na mengine yakaishia kuzikwa au kuchomwa. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, zilikubaliana kwamba plastiki chafu na iliyochanganywa isivushwe mipaka bila ridhaa ya nchi inayopokea, na sharti hilo likaanza kutumika mwezi Januari 2021. Naliona fundisho lake kuwa la nyumbani kabisa: taka zilizochanganywa hazina soko la kudumu popote, hata kwa anayezilipia meli.

Baada ya kumjua mnunuzi, mgawanyo wa kwanza na wa lazima ni kati ya taka mbichi na taka kavu. Ukifanya huo peke yake, hata bila kutenganisha kitu kingine chochote, utakuwa umefanya sehemu kubwa ya kazi. Mji mdogo wa Kamikatsu nchini Japani, uliotangaza mwaka 2003 nia ya kutozalisha taka za kutupwa, huzigawa taka zake katika mafungu zaidi ya 40 na umefikia kurejeleza takriban asilimia 80. Wengi huusifu kwa wingi wa mafungu hayo, lakini mimi huvutiwa zaidi na jambo lililo chini yake, ambalo ni kwamba taka za jikoni hugeuzwa mboji majumbani na hazifiki kabisa kwenye kituo cha kukusanyia. Mafungu mengi hivyo yanawezekana kwa sababu kila kinacholetwa ni kikavu.

Taka za jikoni zina uzito mkubwa katika suala hili kuliko watu wanavyodhani. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika maduka, migahawa na majumbani, na asilimia 60 hivi ya kiasi hicho ilitoka majumbani. Chakula kikifukiwa jalalani chini ya tabaka la taka nyingine hukosa hewa, na vijidudu vinavyokiozesha bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Maji yanayochuruzika humo hubeba sumu za kila kilichomo na kuzishusha kwenye visima na mito. Chakula hichohicho kikioza juu ya ardhi penye hewa ya kutosha, methani inayotoka huwa kidogo sana, na kinachobaki ni mboji inayoupa udongo rutuba na uwezo wa kushika maji.

Kutengeneza mboji hakuhitaji utaalamu mkubwa, ila kunahitaji uangalifu wa uwiano. Vijidudu vinavyofanya kazi hiyo hutaka kaboni na nitrojeni kwa kadiri ya 25 hadi 30 kwa moja. Kaboni hupatikana kwenye majani makavu, maboksi yaliyochanwachanwa na maranda ya mbao. Nitrojeni iko kwenye maganda ya matunda na mboga, mabaki ya chai na kahawa, na nyasi mbichi. Kila ndoo moja ya taka mbichi huifunika kwa ndoo mbili au tatu za vikavu, na mara chache nimejuta kuzidisha vikavu. Lundo lenye ukubwa wa mita moja kila upande hupata joto la kutosha, nyuzi 55 hadi 65, na joto hilo likidumu na lundo likigeuzwa vizuri, huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Ukikamata konzi moja na kuiminya kwa nguvu, yatoke matone machache tu ya maji. Yakitiririka, limelowa kupita kiasi, na likiwa unga, linahitaji kumwagiwa maji. Harufu nayo husema kila kitu: ikichoma pua kama mkojo, nitrojeni imezidi na majani makavu yanahitajika, ikinuka uozo, hewa imekosekana na lundo linapaswa kugeuzwa. Nyama, mifupa, mafuta na kinyesi cha mbwa au paka visiingie, kwa kuwa huvuta panya na kubeba vimelea. Asiye na uwanja anaweza kutumia ndoo mbili zilizotobolewa, moja ikijazwa wakati nyingine ikiiva.

Vilivyo vikavu havihitaji kazi nyingi. Suuza kopo na chupa kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, kwa sababu kutumia maji safi ya bomba kusafishia taka ni kupoteza kingine cha thamani. Viache vikauke, kisha uvibonyeze ili visijaze nyumba. Maboksi yafunguliwe na kulazwa bapa, yawekwe mbali na sakafu yenye unyevu. Karatasi zilizoloa mafuta, tishu, na vikombe vya karatasi vilivyopakwa plastiki ndani visichanganywe na karatasi nyingine, wala risiti zile laini zinazochapishwa kwa joto, kwa kuwa nyingi hubeba kemikali zisizotakiwa kwenye karatasi mpya. Ukiwa na shaka kuhusu kitu, kiweke nje ya gunia hadi umuulize mnunuzi. Tumaini jema la mwenye kutupa huwa mzigo wa mwenye kuchambua.

Kuchoma taka uani ndilo jambo ninalowasihi wasomaji waliache kabisa. Moto wa uani hauna joto la kutosha kuunguza plastiki hadi iishe, na PVC inapoungua hivyo hutoa asidi na dioksini, sumu ambazo hukaa kwenye udongo na mafuta ya wanyama kwa muda mrefu na huhusishwa na saratani. Watoto huvuta moshi huo kwanza, wakiwa ndio walio karibu na ardhi na wenye mapafu yanayokua.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuguswa na pipa lolote la kawaida. Betri za gari zina risasi na asidi, na ingawa risasi yake hurejelezwa kwa ukamilifu mkubwa katika viwanda vinavyofaa, kuzipasua na kuyeyusha risasi hiyo mitaani kumewadhuru watoto katika nchi nyingi; zirudishwe kwa muuzaji wa betri au kwa mnunuzi mwenye kibali, zikiwa nzima. Betri za lithiamu za simu na kompyuta hushika moto zikibonyezwa ndani ya gari la taka, hivyo ziba ncha zake kwa gundi ya utepe na uzihifadhi peke yake. Taa za mirija zina zebaki. Vifaa vya kielektroniki vilivyotupwa duniani mwaka 2022 vilifikia tani milioni 62, na ni asilimia 22 tu hivi iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo, ilhali ndani yake mna shaba, dhahabu na fedha. Kabla ya kuitoa simu mbovu, mpe fundi nafasi ya kuitengeneza. Sindano na vioo vilivyovunjika viwekwe kwenye chombo kigumu kilichofungwa na kuandikwa nje, kwa sababu kuna mikono ya mtu itakayofungua mfuko huo, mara nyingi bila glavu. Waokota taka wameifanya kazi hii kabla ya sera na kampeni zote, na kuwakabidhi mfuko msafi wa vikavu mkononi, badala ya kuwaacha wachokonoe pipa, ni heshima ndogo inayowaongezea kipato siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho la utendaji ni kiasi. Nyumba moja haizalishi mzigo unaotosha kumleta mnunuzi mwenye gari, na wengi huacha hapo, magunia yakiwa yamejaa nyuma ya mlango. Nyumba kumi au ishirini zikikubaliana huzalisha. Ninayoyaona yakifanya kazi ni makubaliano ya wazi tangu mwanzo, yaliyoandikwa: mahali pamoja penye paa pa kuhifadhia, mtu mmoja mwenye ufunguo kwa zamu, orodha iliyobandikwa ukutani ya kile ambacho mnunuzi amesema anapokea, mizani ya kupimia kabla mzigo haujaondoka, na uamuzi kuhusu fedha zitakazopatikana, iwe ni kumlipa anayechambua, kununua ndoo za mboji au kugawana. Orodha ile ya ukutani ibadilishwe kila mnunuzi anapobadili masharti, na iandikwe kwa herufi kubwa ili watoto waisome, kwa kuwa katika nyumba nyingi wao ndio wanaotumwa kutoa taka.